Busti ni nini, na injini ya kiwandani huvumilia kiasi gani

Muulize mwenye Subaru ya turbo gari lake linakimbiaje, na huenda akakutajia namba badala ya mwendo: "Napiga busti ya 16." Hiyo 16 ni psi, kipimo cha shinikizo, na psi 14.5 ni sawa na baa 1. Namba ni ya kweli, ila haisemi kile anachodhani inasema.

Busti ni shinikizo la hewa iliyosindikwa kuelekea kwenye silinda, likipimwa kuanzia shinikizo la hewa ya nje. Injini isiyo na turbo huvuta hewa yenyewe, kwa hiyo haiwezi kupata hewa nzito kuliko iliyoko nje. Turbo huutumia moshi wa ekzosi kuzungusha feni moja, na feni hiyo, kupitia shafti, huzungusha nyingine inayosukuma hewa ndani. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua, na nguvu huongezeka. Wazo hili ni la zamani: Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alilisajili kwa hataza mwaka 1905.

Lakini nguvu hutokana na uzito wa hewa, na geji haipimi uzito. Inapima shinikizo lake tu. Hewa yenye joto huweza kuwa na shinikizo kubwa huku ikiwa nyepesi, na hapo geji itakusifia bure. Chukua hewa ya nyuzi 30 pale Mombasa, uisindike hadi mara mbili ya shinikizo lake: kwenye turbo ya kawaida itatoka ikikaribia nyuzi 125. Ndiyo maana kuna intakula, ile redieta ya kupoza hewa. Kwenye Subaru Impreza na Forester nyingi za turbo imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Ukikwama kwenye foleni, tundu halipati upepo, na intakula inabaki kuota joto la injini iliyo chini yake.

Sasa panda hadi Nairobi, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ina shinikizo la karibu baa 0.82, wakati ya pwani ni karibu 1.01. Turbo ikitaka kuipa injini baa 2 kwa jumla (hewa ya nje pamoja na busti) kama ilivyofanya Mombasa, pwani ilihitaji kuzidisha shinikizo la hewa mara mbili hivi. Nairobi inahitaji mara 2.4 na zaidi. Inabidi izunguke kwa kasi kubwa zaidi na kuichemsha hewa zaidi. Kwa hiyo ushauri wa busti uliotolewa na mtu anayeishi usawa wa bahari usiuchukue mzima mzima ukiwa nyanda za juu.

Kinachoizuia busti isipande bila mwisho ni wesigeti, mlango mdogo unaoupitisha moshi kando ili usiipige feni. Mlango huo husukumwa na kidude chenye springi, ambacho hupata habari za busti kupitia bomba dogo la mpira. Hapa ndipo njia ya mkato ilipo: ukiweka kivalvu kwenye mpira huo, kidude kinaonja shinikizo dogo kuliko lililopo, mlango unachelewa kufunguka, busti inapanda. Kazi ya nusu saa, na bei yake haitishi. Nadhani urahisi huo ndio umeua injini nyingi.

Kwa sababu kompyuta ya gari haijaambiwa. Kwenye Subaru nyingi za turbo kuna sensa inayohesabu hewa inayoingia, kwa hiyo petroli itafuata kwa muda, mpaka nozeli zifike mwisho wa uwezo wake. Kinachobaki nyuma ni wakati wa plagi kupiga cheche. Hewa iliyobanwa zaidi na yenye joto zaidi inataka cheche ichelewe kidogo. Isipochelewa, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na injini inagonga. Ukibahatika utasikia kama changarawe ndani ya kopo; ukiwa mwendo wa kasi na redio imefunguliwa, husikii kitu. Ipo sensa ya kusikiliza kugonga huko na kuichelewesha cheche, lakini hiyo ni kinga ya dharura, haikuwekwa ili uiegemee kila siku. Kinachovunjika kwanza mara nyingi ni kingo nyembamba za pistoni kati ya mifereji ya ringi. Injini ya Subaru ya EJ255, ya lita 2.5, inajulikana sana kwa ugonjwa huo.

Petroli nayo ina kauli. Magari mengi ya turbo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangiwa haioku, petroli ya huko yenye okteni (kipimo cha uwezo wa petroli kuhimili kugonga) 98 hadi 100. Ya vituo vingi vya kwetu iko chini ya hapo. Maana yake gari lako huenda tayari liko karibu na mpaka hata kabla hujagusa skrubu. Oldsmobile, watengenezaji wa magari wa Marekani, walilijua tatizo hili mwaka 1962 walipouza Jetfire, moja ya magari ya kwanza ya turbo kuuzwa kwa umma: busti yake ilikuwa psi 5 hivi tu, na bado walilazimika kuipulizia injini maji yaliyochanganywa na methanoli ili isigonge. Wenye magari wakasahau kujaza tangi la maji hayo.

Basi "salama" si namba ya kwenye geji. Mimi nikisema kuongeza kidogo, nina maana ya psi 2 hivi juu ya busti ya kiwandani, baada ya kupima mgandamizo wa kila silinda, kubadilisha plagi, kuhakikisha pampu ya petroli ina nguvu, na kompyuta kupangwa upya kwa petroli unayonunua kweli, huku fundi akitazama mchanganyiko na dalili za kugonga. Chini ya mzigo mzito injini hizi hutaka takriban gramu 11 za hewa kwa kila gramu ya petroli, si 14.7 za mwendo wa kawaida. Petroli ya ziada hupoza. Fundi asiye na kifaa cha kupima hilo anabahatisha kwa pistoni zako.

Na kama gari ulilinunua likiwa limetumika, kabla ya yote fuata mpira wa wesigeti kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta kivalvu ambacho hakikutoka kiwandani, yupo aliyekutangulia, na psi 2 zako ulikwisha kuzinunua pamoja na gari.