Jaji wa kupigiwa kura Marekani, maana yake nini?

Kwetu tumezoea jaji anateuliwa, Kenya na Tanzania anayemteua ni rais na tume ya utumishi wa mahakama ina mkono wake hapo, kwa hiyo mtu akifika Texas akakuta mabango barabarani ya mtu anaomba kura awe jaji lazima ashangae.

Kwanza sio majaji wote. Marekani kuna mahakama za shirikisho na za majimbo. Jaji wa shirikisho, mpaka wale tisa wa juu kabisa, anateuliwa na rais, Seneti inamthibitisha, halafu hana muhula, anaweza kukaa hapo maisha yake yote. Hao ndo tunawasikia kwenye habari kila siku, ila talaka, mirathi, wizi, ugomvi wa kodi ya nyumba, kesi nyingi sana zinaishia mahakama za jimbo na za kaunti, na huko majimbo zaidi ya 30 wananchi wana kura yao kwa namna moja au nyingine.

Texas na Alabama jaji anagombea kwa tiketi ya chama, anapita kura za mchujo kama mbunge tu. Wisconsin na Minnesota jina la chama haliandikwi kwenye karatasi ya kura, japo watu wanajua nani yuko upande gani. Halafu kuna mtindo ulioanzia Missouri mwaka 1940, kamati inapeleka majina, gavana anachagua mmoja, akishafanya kazi kwa muda wananchi wanaulizwa swali moja, abaki au aondoke, yaani hana mpinzani. Wengi wanabaki, lakini Iowa mwaka 2010 majaji watatu wa mahakama ya juu ya jimbo walitolewa kwa mpigo mmoja kwa sababu ya hukumu ya 2009 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja.

Haya mambo ni ya zamani, Mississippi iliamua majaji wake wote wapigiwe kura tangu 1832. Wazo lilikuwa jaji awajibike kwa watu na sio kwa wakubwa waliompa cheo, na mimi hilo naliona lina haki yake kabisa. Kinachoniuma ni pesa. West Virginia mwaka 2004 bosi wa kampuni ya makaa ya mawe, Don Blankenship, kampuni yake imeshaamriwa kulipa dola milioni 50 na rufaa inakuja, akamwaga kama dola milioni 3 kumsaidia mgombea mmoja, Brent Benjamin, akashinda, na rufaa ilipofika Benjamin akakaa kuisikiliza na kampuni ikashinda kura 3 kwa 2! Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema alitakiwa kujitoa kwenye hiyo kesi.

Sasa ndugu zetu mliopata uraia huko, Texas kesi ya mwenye nyumba kukutoa inaanzia kwa yule wanaemwita hakimu wa amani, na yeye anachaguliwa kila miaka 4 na wala sheria haimlazimishi awe mwanasheria. Jina lake liko chini huko kwenye karatasi ndefu ya kura, baada ya rais au gavana, mahali ambapo watu wengi wameshachoka wanaruka. Kaunti inatoa mfano wa karatasi hiyo kabla ya siku ya kura, ichukue usome majina nyumbani taratibu.