Umeng'atwa na mbwa? Usingoje kuona kama atakufa

Wiki iliyopita, kwenye chumba cha sindano ninakofanya kazi hapa Eastlands, Nairobi, mama mmoja alifungua leso akanionyesha mguu wa kijana wake. Alama nne za meno, zimejazwa pilipili ya unga. Siku sita zilikuwa zimepita. "Sista, tulikuwa tunangoja kuona kama mbwa atakufa." Kwa kichaa cha mbwa, kungoja ndiko hatari. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, tukianza na jinsi mwili unavyojilinda.

Antijeni ni nini?
Kipande cha kirusi au bakteria ambacho mwili hukitambua kuwa si chake. Basi.

Mwili hukitambuaje?
Kwenye ngozi na misuli kuna seli za doria. Zikimkuta mgeni humla, humkatakata, kisha hubeba vipande hadi kwenye tezi za limfu, zile zinazovimba kwapani na kwenye kinena. Huko seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, hupita zikikagua, na kila moja inajua umbo lake tu. Inayooana na kipande huamka, huzaana, na kuzisaidia seli B, chembe nyeupe za aina nyingine, kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa mgeni. Kazi hiyo huchukua siku 7 hadi 14. Zishike hizo siku.

Si basi mwili utajitibu wenyewe?
Kwa kichaa cha mbwa, hapana. Kirusi chake huingia kwenye neva na kupanda kimyakimya kuelekea ubongoni, mahali doria haikioni vizuri. Chanjo ya begani huwaonyesha walinzi kirusi kilichouawa, ili kingamwili ziwe tayari kabla kile kizima hakijafika. Ukingoja, unakisindikiza.

Mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima.
Njoo. Mate yake yanaweza kuwa na kirusi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Afungwe aangaliwe siku 10, wewe ukiwa umeshaanza sindano.

Ni mkwaruzo tu.
Njoo.

Ilikuwa mwezi uliopita, kidonda kimepona.
Njoo leo! Dalili mara nyingi hutokea baada ya miezi 2 hadi 3. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji hatuna dawa, na karibu wote hufa.

Nipake nini kwanza?
Maji na sabuni, dakika 15. Kama hakuna mfereji, mimina kwa kopo. Si pilipili, si mafuta ya taa, si sarafu ya moto. Ile pilipili niliitoa kwa maji na pamba, kijana akilia, na sijui aliyeianzisha dawa hiyo alikuwa anamtibu nani.

Sindano ni ngapi?
Siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Meno yakipenya ngozi, unahitaji pia kingamwili zilizo tayari, zinazodungwa kwenye kidonda chenyewe, kwa sababu zile siku 7 hadi 14 huna mlinzi. Wengi hupotea baada ya sindano ya pili: "Kidonda kimekauka, sista." Kwani tulikuwa tunatibu kidonda?

Kijana wa pilipili anatakiwa kesho kwa ya tatu. Mamake nimempigia mara mbili.