Januari 26 si siku ya Amin

Juzi Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, muuza dagaa mmoja alinitangazia: "Mwalimu, leo Waganda wanakumbuka tulivyowatolea nduli!" Ilikuwa Januari 26, na nduli wake ni Idi Amin. Nafundisha historia, na hili nalisikia kila mwaka. Sasa limenifika kooni.

Januari 25, 1971, Amin alimpindua Rais Obote wa Uganda. Januari 26, 1986, Museveni na NRM, kundi lake la msituni, waliiteka Kampala. Tarehe zimefuatana kwenye kalenda, watu wanajikwaa hapo, ingawa kati yake imepita miaka 15. Aliyeng'olewa 1986 ni Tito Okello, rais wa wakati huo. Na huyu Okello ndiye aliyekuwa kamanda wa Waganda walioingia kwao pamoja na JWTZ kumng'oa Amin mwaka 1979! Museveni naye alikuwemo, na FRONASA, kikosi chake cha wapiganaji. Kwa hiyo siku ile wanayoiita ya ukombozi, mkombozi alimtoa mkombozi mwenzake.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Vita havikuishia hapo, vijana wetu walisonga hadi mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Lule aliapishwa kuwa rais Aprili 13, akakaa siku 68. Akaja Binaisa. Obote akarudi madarakani Desemba 1980. Anayeniambia kwamba Amin alipoondoka amani ilirejea, aende Luwero, walikouawa raia wengi katika vita vilivyofuata, akaulize wazee.

Halafu sisi wa Mwanza tuna tarehe yetu wenyewe, Machi 29, 1979, na hakuna anayeitaja. Ndege ya Libya, Tupolev, ilikuja kulipua matangi ya mafuta, ikayakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Darasa huangua kicheko hapo. Nami hucheka, kisha natazama dirishani, kisiwa kile kilivyo karibu na mji.

Kuna neno moja linanisumbua ubaoni: "ukombozi". Amin alituvamia Kagera mwaka 1978, kumtimua kulikuwa haki yetu, na makaburi ya askari wetu kule Kaboya yanaonyesha tulilipa nini. Ila kufika Kampala na kukaa mle hadi watawala wapya wapatikane? Zamani nililifundisha hilo bila kigugumizi. Siku hizi naandika "vita", nawaacha wanafunzi wabishane mpaka kengele ilie.

Muuza dagaa alinisikiliza hadi mwisho, akafunga kisado changu.

"Sawa, mwalimu. Ila si alitoka?"