Tukio la nasibu katika gemu za safari: maana yake, na namna ya kulifanya liwe na uzito

Katika gemu ya kuigiza, kila mchezaji ni mhusika katika hadithi. Tuseme kikosi chao kimeondoka mjini alfajiri, kinaelekea mlimani, mwendo wa siku 6. Kila siku ya safari msimamizi wa gemu, yaani anayesimulia hadithi, anarusha dadu. Ikionyesha 1, njiani kuna jambo. Namba nyingine yoyote, siku imepita salama. Jambo hilo ambalo hakuna aliyelipanga, lililoletwa na dadu, ndilo tukio la nasibu. Laweza kuwa mnyama, jambazi, mvua ya mawe au mzee anayeuza asali. Kwa kanuni hiyo ya 1 kati ya 6, safari ya siku 6 ina uwezekano wa takriban theluthi mbili wa kukumbwa na tukio angalau moja.

Utaratibu huu ni wa zamani. Dungeons & Dragons, gemu ya Gary Gygax na Dave Arneson iliyotoka Marekani mwaka 1974, ilikuwa nao tangu mwanzo. Kwa safari za nyikani, kanuni zake ziliwaelekeza wachezaji watumie ubao wa gemu nyingine, Outdoor Survival, ambao ramani yake imegawanywa kwa pembesita. Baadaye kompyuta ikachukua kazi ya dadu. Katika Dragon Quest ya mwaka 1986 unatembea uwandani na adui anakuzukia ghafla. Katika Pokémon, iliyoanza 1996, majani marefu ndiyo yenye hatari.

Sisi tunacheza watano kwa maandishi kwenye kundi la WhatsApp: wawili wako Kampala, mmoja Arua, mmoja Mbale, nami Jinja. Tunacheza kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha inayotukutanisha wote. Mimi ndiye msimamizi. Mezani, pambano dogo ni la nusu saa. Kwetu mtu anajibu akishatoka kazini, mwingine umeme umekatika, mwingine anasubiri kununua bando. Mwaka jana dadu iliniletea fisi 4, nami nikawaandika kama lilivyosema jedwali langu, yaani orodha ambayo kila namba ya dadu ina tukio lake: fisi 4, wanashambulia. Pambano lile lilichukua siku 9. Lilipokwisha, kikosi kilikuwa palepale barabarani, hakijajua kitu kipya wala kupata kitu. Ndipo mwenzetu wa Mbale akaandika: “Kwani hao fisi walikuwa wanataka nini?”

Sikuwa na jibu, na swali lile ndilo lililobadilisha namna yangu ya kusimamia gemu. Ninavyoamini sasa, unayemkuta njiani lazima awe na safari yake mwenyewe, iliyoanza kabla hujamwona. Asiye na safari ni kizuizi tu, na katika gemu ya mtandaoni kizuizi kinakula wiki nzima ya watu.

Wasafiri wa Uganda wanalijua hili bila kufundishwa. Barabara ya Masaka, pale Lukaya, gari halijasimama sawasawa na wachuuzi wameshafika dirishani na vijiti vya nyama, kuku wa kuchoma, gonja (ndizi ya kuchoma) ya moto. Wanakimbia kwa sababu dereva hakai. Asiyeuza katika dakika hizo amelikosa gari hilo. Ukienda kaskazini, karibu na daraja la Karuma, nyani wamekaa kando ya lami wakitazama magari. Wamezoea abiria wanaowatupia ndizi. Kwa macho ya mgeni yote haya ni nasibu, lakini mahali penyewe ndipo palipoyazaa.

Kwa hiyo kila mstari wa jedwali langu siku hizi unajibu maswali matatu: ni nani, anatoka wapi kwenda wapi, na leo anataka nini. Wale fisi niliwaandika upya hivi: “Fisi 4 wako juu ya mzoga wa punda. Punda alikuwa amebeba chumvi. Gunia limetoboka, na mstari wa chumvi unaingia kichakani.” Chumvi nimeitoa Katwe, kule Kasese, inakovunwa ziwani tangu enzi za mababu. Dadu ilipowaleta tena, hakuna aliyechomoa upanga. Kikosi kiliwazunguka fisi kwa mbali, kikafuata mstari ule, kikamkuta mwenye punda juu ya mti, mguu umevimba. Ilichukua siku mbili, na mtu yule akawa kiongozi wao wa njia hadi mlimani.

Kuna kanuni ya zamani ambayo wasimamizi wengi wanairuka, nayo ni dadu ya mapokezi. Ukishajua nani amekutwa, unarusha dadu 2 na kujumlisha. Jumla ndogo, wana chuki. Kubwa, ni wakarimu. Ya katikati, wanasita na kukupima. Uzuri uko kwenye hesabu: kati ya matokeo 36, jumla ya 7 hutokea mara 6, ilhali 2 na 12 hutokea mara moja moja tu. Mara nyingi basi mtapimana kwanza, na hapo ndipo maneno yanapopata nafasi. Hesabu hiyohiyo yafaa kwa jedwali zima. Wafanyabiashara na wachungaji waweke kwenye 6, 7 na 8. Joka liweke kwenye 12.

Nami dadu za safari nzima nazirusha usiku mmoja kabla hatujaanza, ili nione kama tukio la siku ya pili linaweza kuwa chanzo cha lile la siku ya tano. Na dalili natanguliza: moshi, tai wanaozunguka, nyayo kwenye tope. Ujumbe mmoja unabeba dalili, umbali na hali ya njia, kila mtu aamue bila kuniuliza maswali sita na kungoja majibu hadi kesho.

Gemu kubwa za kompyuta za mtandaoni zina shida tofauti kidogo. RuneScape, iliyoanza 2001, ilitumia matukio ya nasibu kuwanasa waliokuwa wakichezesha programu badala ya kucheza wenyewe. Wachezaji halali walikatizwa kazi zao, na katika Old School RuneScape leo unaweza kuyapuuza.

Barabara nayo ibadilike. Septemba 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari madogo ya Arua yalipitia Masindi na Paraa, ndani ya hifadhi ya Murchison. Ndiyo njia ileile ya nyumbani, ila miji ni mingine, na kando ya barabara kuna tembo. Mwenzetu wa Arua alipotusimulia, nilifuta nusu ya jedwali langu. Sasa kikosi kiko siku ya 3, daraja la mto limevunjika, na dadu imetoa 7: wachungaji wenye ng'ombe 40, nao wanatafuta kivuko hichohicho.