Musherekha nao ni kemikali

Huku Vihiga na Kakamega, magharibi mwa Kenya, sufuria ya mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza, ikiinjikwa kwenye shughuli ya kijiji, hakosi wa kusema: "Msitie magadi, hiyo ni kemikali. Tieni musherekha, ni wa asili, haudhuru." Musherekha ni maji yaliyochujwa kwenye majivu. Nimechoka kusikia hivyo. Magadi huchimbwa Ziwa Magadi, Kajiado, hakuna aliyeyabuni. Na musherekha nao ni kemikali. Vyote viwili ni alkali, na alkali ndiyo inayolainisha jani.

Tofauti iko kwingine. Magadi ni chumvi za sodiamu. Musherekha wa majivu ya maganda ya maharagwe au ya ndizi una potasiamu kwa wingi. Aliyekatazwa chumvi kwa sababu ya presha ana haki ya kuyaogopa magadi. Lakini mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu, ndiye tunayemjazia bakuli tukimwambia cha kienyeji hakina neno. Hilo linaniuma sana.

Kuutengeneza musherekha si kazi. Choma maganda makavu mpaka majivu yawe ya kijivu, si meusi, na moto usiuwashe kwa plastiki. Toboa kopo chini, tandika nyasi kavu, tia majivu, yagandamize kidogo tu. Ukiyashindilia, maji hayapiti. Mimina maji polepole. Matone ya kwanza, mekundu kama chai ya rangi, ndiyo makali. Yanayofuata yatie chupa nyingine.

Kipimo ndicho kigumu. Majivu ya shamba hili si makali kama ya lile, kwa hiyo vijiko vyangu viwili huenda kwako vikawa vinne. Mimi huanza na kijiko kimoja cha chai cha yale makali kwa lita moja ya maji. Yakichemka, tia mrenda, koroga, usifunike maana hufura ukamwagika. Usipolainika, ongeza kidogo kidogo. Ukisikia ladha ya sabuni umepitiliza, na vitamini C nyingi imekwenda. Mrenda mchanga huteleza wenyewe. Mboga ya mito na majani ya kunde yaliyokomaa ndiyo yanayohitaji msaada. Nyanya ina asidi, hupunguza nguvu ya musherekha: itie mwishoni.

Mkipikia watu wengi, injikeni kisufuria kando, mrenda mchanga mtupu, bila musherekha wala magadi, na mwiko wake. Wenye figo na presha wapakuliwe humo.