Kuta zinavunjwa, watu wananyamaza

Ukikutana na mwenye ofisi katikati ya jiji la Mwanza anayetaka kuipanga upya, neno lake la kwanza ni "tubomoe kuta". Wafanyakazi wake sasa wana kazi mseto, siku kadhaa ofisini na siku kadhaa nyumbani, na anataka siku za kuonana ziwe za uchangamfu. Nia ni njema kabisa. Nimeshiriki kupanga ofisi za namna hiyo, na inaniuma kuona fedha zikimwagwa mahali ambapo tatizo halipo. Hizi hapa dhana potofu ninazokutana nazo.

Dhana: Ukiondoa kuta, watu watazungumza zaidi.

Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha utafiti wa makao makuu ya kampuni mbili kubwa zilizohamia ofisi za wazi. Wafanyakazi walivaa vifaa vya kupima nani anaongea na nani uso kwa uso. Mazungumzo hayo yalishuka kwa takriban asilimia 70, huku barua pepe zikiongezeka. Mtu anayeonwa na kusikiwa na wote hujikinga: anaziba masikio, anakazia macho kompyuta, na swali la kumuuliza jirani analiandika. Tena, sauti inayomvuruga zaidi ni maneno anayoyaelewa. Mngurumo wa jenereta huzoeleka. Simu ya mwenzako anayebishana na mteja haizoeleki.

Dhana: Kazi za utulivu zifanyike nyumbani, ofisi iwe ya vikao.

Hili ndilo linaloumiza wengi, kwa sababu linadhani kila mtu nyumbani ana chumba chenye meza na mlango. Mfikirie anayeishi Mabatini au Igogo, nyumba zimebanana kati ya mawe mlimani, chumba na sebule, watoto wanacheza, redio ya jirani iko juu, umeme umekatika na bando linakaribia kuisha. Huyu anapanda daladala kuja mjini kutafuta meza, umeme na ukimya. Ukimpokea kwa makochi na makelele, umemfungia mlango wa mwisho aliokuwa nao.

Katika ofisi moja tuligeuza chumba cha kimya kuwa ukumbi wa vikao. Mwisho wa mwezi nikamkuta mhasibu anafunga hesabu stoo, kompyuta iko juu ya katoni za karatasi. Tulirudisha ukuta mmoja na mlango wake. Tangu siku hiyo sichori chochote kabla ya kumuuliza kila mfanyakazi: siku ambayo huji, unakaa wapi kufanya kazi?

Dhana: Wakija siku tatu kwa wiki, meza zipungue karibu nusu.

Watu 40 wakija siku tatu kati ya tano, wastani ni 24 kwa siku. Lakini wote wakichagua Jumanne, Jumatano na Alhamisi, wako 40, na kama uliweka meza 24, watu 16 wanakosa pa kukaa. Pangeni zamu kwanza, kisha hesabuni meza kwa siku yenye watu wengi. Na anayetumia meza ya pamoja apewe kabati lake lenye ufunguo.

Dhana: Upande wa ziwani ndio wa meza ya mkutano.

Mandhari yanavutia, sikatai. Ila katikati ya jiji ziwa liko zaidi upande wa magharibi, hivyo kioo hicho kinapigwa jua moja kwa moja baada ya saa nane mchana, saa ambazo vikao hupenda kufanyika. Wekeni huko sehemu ya chai, na juu ya dirisha kivuli cha kuzuia jua. Dirisha lifunguke pia: mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja mjini.

Dhana: Anayebaki nyumbani anazembea.

Mchumi Nicholas Bloom na wenzake walifuatilia wafanyakazi 1,612 wa Trip.com, kampuni ya huduma za usafiri, nchini China. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Waliofanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki hawakutofautiana na wenzao katika tathmini wala kupandishwa cheo, na kuacha kazi kulipungua kwa theluthi.

Dhana: Rangi kali na meza ya pool huleta moyo wa kazi.

Havileti. Moyo hufa kwenye kikao ambacho aliye nyumbani hasikiki. Ofisi zetu nyingi zina vigae sakafuni na vioo ukutani, sauti inarudi mwangwi, na mtu aliye Sengerema anaambulia kelele tupu. Zulia, mapazia mazito na maiki iliyo karibu na wasemaji vinagharimu kidogo kuliko kubomoa ukuta. Kisha mwenyekiti aanze kwa kumuuliza yule wa mbali kama anasikia, na asiposikia, wengine wamsubiri.