Terahezi si eksirei

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, ukitaja mionzi inayopenya nguo, jibu ni lilelile: hiyo ni eksirei, italeta kansa. Dhana hii ni ya siku nyingi. Kwa mawimbi ya terahezi, yaani yale yaliyo kati ya mikrowevu na infraredi, haina ukweli.

Kinachovunja molekuli za mwili ni nishati ya kila fotoni, yaani chembe moja ya mionzi. Fotoni ya terahezi 1 ina elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 0.004 hivi, ya eksirei ya hospitali ina maelfu kwa maelfu. Kung'oa elektroni kunahitaji elektronivolti kadhaa, kwa hiyo terahezi hapo haifui dafu. Ikizidi sana, itapasha joto tu.

Tena haifiki mbali, maana maji huimeza. Boksi kavu la dagaa inalipenya, lakini kwenye minofu mibichi ya sangara inaishia sehemu ya milimita. Ngozi yetu nayo ina maji.

Hofu nyingine inatoka kwenye neno leza, maana mawimbi haya huweza kuzalishwa kwa leza. Mpigo wa leza wa femtosekunde 100 (femtosekunde ni sehemu ya elfu ya pikosekunde, nayo pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) hutua kwenye kipande cha galiamu asenidi, aina ya semikondakta, katikati ya elektrodi mbili zenye volteji. Elektroni huachiliwa, huvutwa ghafla, na mkondo huo wa kushtukiza hurusha wimbi la terahezi la pikosekunde 1 hivi. Mpigo huo wa leza ukiwa na nanojuli 10 (nanojuli ni sehemu ya bilioni ya juli), nguvu yake hufikia kilowati 100 kwa kuwa ni mfupi mno, lakini nishati yenyewe ni kiduchu.

Cha kuogopwa maabarani ni leza yenyewe: ikiingia jichoni huunguza retina, ndiyo maana watafiti huvaa miwani maalumu.